Kupunguza Wanga: Kazi Huanza Baada ya Mwezi wa Kwanza

Mkazi anapopimwa na kuambiwa ana kisukari cha aina ya pili, ushauri wa kwanza anaopewa huwa mfupi: punguza sima, punguza chapati na wali, acha sukari. Wengi huitikia kwa moyo. Wiki mbili za kwanza sahani hubadilika, soda huachwa dukani, na kipimo cha sukari hushuka hadi mgonjwa mwenyewe anashangaa. Kisha mwezi wa tatu anarudi kliniki, na kitabu chake kinaonyesha namba imepanda tena hadi karibu na pale ilipoanzia. Hakuna aliyemlazimisha kurudia chakula cha zamani. Kilirudi chenyewe, kijiko kwa kijiko, kwa harusi moja, matanga mawili na msimu mmoja wa maembe.

Jambo hili haliko Kilifi peke yake. Mwaka 2021 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa tafiti 23 zilizohusu watu 1,357, wengi mno wakiwa na kisukari cha aina ya pili, zilizopima athari za kupunguza wanga hadi chini ya gramu 130 kwa siku. Baada ya miezi sita, watu 57 kati ya kila 100 waliopunguza wanga walikuwa wameshusha sukari yao chini ya kiwango cha ugonjwa, ikilinganishwa na 31 kati ya 100 waliofuata vyakula vingine. Ni tofauti kubwa. Lakini kufikia miezi kumi na miwili faida hiyo ilikuwa imepungua. Chakula kilekile kinachofanya kazi mwezi wa sita huwa kigumu kushikwa mwezi wa kumi na mbili, na hapo ndipo ushauri mwingi wa lishe humwacha mtu njiani.

Wanga, au kabohaidreti kama inavyofundishwa shuleni, ndiyo sehemu ya chakula inayogeuka kuwa sukari ya damu kwa wingi na kwa haraka zaidi. Sima ikishaliwa, tumbo na utumbo huivunja ikawa glukosi, na glukosi hiyo huingia katika damu. Kongosho hutoa homoni ya insulini ili kuifungulia mlango wa seli. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, seli zimekuwa zito kuitikia insulini, na kongosho limechoka kuiongeza. Sukari hubaki ikizunguka katika damu, na kadiri miaka inavyopita huharibu mishipa midogo ya macho, figo na miguu. Kidonda kidogo cha kidole, kilichotokana na kiatu kinachobana, kinaweza kuishia kwa mguu kukatwa. Hilo ndilo linalopiganiwa kila mtu anaposimama mbele ya sufuria.

Hesabu yenyewe haihitaji kalamu nyingi. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban gramu 75 za wanga. Mtu mzima anayefanya kazi ya shamba au ya bandarini anaweza kula sima ya gramu 200 za unga kwa mlo mmoja, na hapo amekwisha kula gramu 150 za wanga kabla ya chai ya jioni. Kilo moja ya unga wa ngano ikitoa chapati 15, kila chapati ina karibu gramu 50. Soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari tupu. Yai halifiki hata gramu moja. Samaki wa kukaanga bila unga hana wanga, na bakuli zima la mchicha au mchunga lina kidogo sana.

Wengi hutafuta njia ya mkato kwa kubadilisha aina ya unga. Unga wa mtama au wa wimbi una nyuzi nyingi kuliko ule mweupe, na hilo ni zuri, lakini wanga wake haupungui kwa kiasi cha kumruhusu mtu kula donge lilelile kubwa. Asali na sukari guru pia ni sukari. Mwili hautofautishi sukari iliyotoka kiwandani na iliyotoka mzingani kwa namna inayomsaidia mgonjwa.

Kabla ya kwenda mbele, kuna onyo ambalo halifai kuwekwa mwishoni mwa makala. Mtu anayejidunga insulini, au anayemeza vidonge vya kundi la glibenclamide, hapaswi kupunguza chakula cha wanga ghafla bila kuzungumza na mhudumu wa afya. Dawa hizo zilipimwa kulingana na chakula alichokuwa akila. Chakula kikipungua na dawa ikabaki vilevile, sukari inaweza kuanguka chini ya milimoli 4 kwa lita. Mtu huanza kutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio, njaa humshika ghafla na maneno yakaanza kumchanganya. Wakati mwingine watu wa nyumbani hudhani amelewa. Akiwa bado ana fahamu na anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini apewe tena. Akizirai, asitiwe kitu chochote mdomoni; akimbizwe hospitalini. Wanaotumia metformin pekee hawana hatari kubwa ya namna hii, lakini nao wanafaa kumweleza mhudumu wanachokusudia kufanya.

Sasa, kwa nini ari hupotea? Sababu moja iko mwilini. Ini na misuli huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na gramu kama tatu za maji. Mtu akipunguza wanga, akiba hutumika na maji yake hutoka kwa mkojo. Ndiyo maana kilo mbili au tatu huondoka katika siku chache za mwanzo, na mtu huona kama miujiza. Wiki ya tatu mzani husimama. Kilichobadilika ni kwamba maji yamekwisha kutoka na sasa mafuta ndiyo yanayopungua, na mafuta hutoka polepole. Asiyeelezwa hilo mapema huona ameshindwa wakati ambapo kazi ya kweli ndiyo kwanza inaanza.

Wiki ya kwanza pia huja na kichwa kuuma, uchovu na hasira za karibu. Maji ya kutosha husaidia, na kwa wengi hali hupita yenyewe kwa siku chache.

Sababu ya pili ni kutegemea nia peke yake. Nia huwa na nguvu asubuhi na kuchoka jioni, hasa kwa mtu aliyeshinda juani. Watafiti wa chuo kikuu cha University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walifuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia moja ndogo kila siku, kama vile kula tunda pamoja na chakula cha mchana au kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 hadi jambo lile kuanza kufanyika lenyewe bila kujisukuma. Kwa wengine ilichukua siku 18, na kwa wengine ilikadiriwa kufika siku 254. Mambo mepesi yalikaa haraka kuliko magumu. Kwa hiyo anayejipa wiki tatu za kuzoea, kisha akajilaumu kwa kutozoea, amejipa muda mfupi mno.

Washiriki wa utafiti ule walifunga tabia mpya kwenye jambo ambalo tayari hulifanya kila siku, kwa wakati uleule na mahali palepale. Kwa mkazi wa pwani, jambo la namna hiyo halihitaji kutafutwa mbali. Ni chai.

Chai ndiyo mahali pazuri pa kuanzia kuliko sima, ingawa washauri wengi huanza na sima. Mtu anayekunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, ametia vijiko kumi na viwili, karibu gramu 50. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko sita. Chai peke yake imekwisha kuvuka mara mbili, na mahamri bado hayajaguswa.

Kuacha sukari yote siku moja huwezekana kwa wachache. Wengine hufika mbali zaidi kwa kushuka kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili: vitatu, viwili, kimoja, kisha nusu. Ulimi hubadilika. Anayefika kwenye nusu kijiko na kukaa hapo miezi miwili, siku akipewa chai ya vijiko vitatu ataiona kama dawa ya kikohozi. Tangawizi, iliki na mdalasini husaidia kuziba pengo. Jambo moja ni lazima libadilike ndani ya nyumba: sukari isipikwe pamoja na chai katika sufuria. Kila mtu atie yake kikombeni. Chai iliyotiwa sukari jikoni humwondolea mgonjwa uamuzi wake hata kabla hajaketi.

Kisha ni kile kinachoandamana na chai. Mbaazi za nazi na mahamri ni kifungua kinywa ambacho hakuna afisa wa lishe mwenye akili timamu atakayethubutu kukipiga marufuku pwani. Lakini bakuli la mbaazi linaweza kukua na mahamri yakapungua kutoka manne hadi moja. Mbaazi zina wanga pia, ila zina protini na nyuzi zinazoifanya sukari ipande taratibu. Siku nyingine, mayai mawili ya kuchemsha na nyanya na kitunguu humshibisha mtu hadi saa saba mchana kuliko mkate mweupe na chai. Anayesema hana wakati wa kupika asubuhi anaweza kuchemsha mayai usiku, sufuria ya chakula cha jioni inapotoka motoni na makaa bado yana moto.

Kwenye chakula kikuu, tatizo la kweli ni kwamba familia hula sufuria moja. Mgonjwa mmoja hawezi kupikiwa chakula chake peke yake mwaka mzima, wala mpishi wa nyumba, ambaye mara nyingi ni mama au dada mkubwa, hana nafasi ya kupika mara mbili. Na gharama pia si ndogo. Unga hujaza matumbo sita kwa bei ambayo nyama haiwezi kuifikia. Makala zinazomwambia mkazi wa Ganze ale lozi na jibini hazijaandikwa kwa ajili yake.

Kinachowezekana ni kubadilisha vipimo ndani ya sufuria ileile. Maafisa wa lishe hutumia sahani kama rula: nusu yake iwe mboga, robo iwe kitoweo, robo iwe wanga. Robo hiyo, kwa sima, ni donge lisilozidi ngumi ya mlaji mwenyewe. Mboga za nusu ya sahani zipo hapa na nyingi huota bila kununuliwa: mchicha, mnavu, mchunga, kisamvu, matembele, majani ya kunde, bamia, biringanya. Kitoweo cha robo kinaweza kuwa dagaa, samaki wadogo wa mwisho wa mnada, mayai, pojo, kunde au maharagwe. Nafaka za jamii ya kunde zina wanga wake, kwa hiyo anayekula maharagwe mengi na apunguze sima zaidi, asizihesabu kama mboga. Nazi haina wanga mwingi na hushibisha, lakini tui zito lina mafuta mengi ya aina inayohitaji kiasi kwa wenye ugonjwa wa moyo. Tui la pili linatosha kuipa mboga ladha.

Muhogo na viazi vitamu havihesabiwi kuwa mboga hata kama vimetoka shambani asubuhi hiyo. Muhogo wa kuchemsha una wanga zaidi ya theluthi ya uzito wake. Ukiwa mezani, basi sima isiwepo.

Kuna ujanja mwingine mdogo unaogharimu sifuri. Kupakua huanza na mboga, kisha kitoweo, sima mwisho. Sahani ikishajaa nusu, mkono wenyewe hupunguza donge. Kula hufuata utaratibu uleule, mboga na samaki kwanza. Utafiti umeonyesha kwamba kuanza na mboga na protini na kumalizia na wanga hupunguza mpando wa sukari baada ya kula, hata chakula chote kikiwa kilekile. Kwa wanaokula pamoja kwenye sinia hili huwa gumu zaidi, kwa sababu hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Mgonjwa akatiwe sehemu yake upande mmoja wa sinia kabla ya mikono kuingia. Haimtengi na wenzake, na anajua mwisho wake ulipo.

Baada ya kula, matembezi ya dakika 10 hadi 15 huisaidia misuli kuvuta sukari kutoka katika damu. Si lazima yawe mazoezi ya viatu maalumu. Kupeleka vyombo kwa jirani, kuwafungia mbuzi, kwenda msikitini kwa miguu au kuzunguka shamba kunatosha.

Mwendeshaji wa bodaboda anayekula kibandani ana changamoto yake. Hapiki, na chakula cha kibanda kimepimwa ili kijaze. Hata hivyo mwenye kibanda humjua mteja wa kila siku. Akisema mara moja, "Mama, mimi nitilie sima nusu, mboga uzidishe, na maji badala ya soda," baada ya wiki hatahitaji kusema tena. Ni tabia iliyofungwa kwenye mtu mwingine, na huenda ndiyo imara kuliko zote.

Nje ya nyumbani ndiko mipango mingi hufia. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia kutoka Ujerumani, alionyesha katika kazi yake ya miaka ya 1990 kwamba watu hutimiza nia zao zaidi wanapoziandaa kwa umbo la "ikiwa hili litatokea, basi nitafanya hivi", kuliko wanaposema tu "nitajitahidi". Tofauti inaonekana ndogo hadi mtu afike harusini. Aliyejiambia atajitahidi hukutana na pilau, biriani, kaimati na sharubati, na kujitahidi kwake huisha kwenye sahani ya kwanza. Aliyejiambia "ikiwa ni pilau, nitachukua vijiko vitano vya kupakulia chai, nyama na kachumbari nyingi, na nitakunywa maji" amekwisha kuamua akiwa nyumbani, kabla harufu haijampata.

Ugumu mkubwa huwa watu, si chakula. Kukataa alichoandaa mama mkwe ni jambo zito, na wapo wanaokula ili wasimuudhi mwenyeji kisha wakalala na sukari ya milimoli 15. Kukataa sahani nzima hakuhitajiki. Inatosha kuomba kwa heshima: "Mama, chakula chako nakipenda, lakini daktari amenifunga kidogo. Niongezee mchuzi na samaki, wali uwe kidogo." Mwenyeji amepata nafasi ya kumkirimu mgeni, na mgeni hakuumia. Ikisemwa mara ya kwanza na kueleweka, mara ya pili mama mkwe mwenyewe ndiye atakayewanyamazisha wengine.

Matangani, ambako chakula hutoka mara kwa mara kwa siku kadhaa na usingizi ni mchache, ni heri mtu ale kitu chenye protini kabla ya kwenda. Usingizi mchache wenyewe huongeza njaa ya vitu vitamu.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji mazungumzo na mhudumu wa afya wiki kadhaa kabla, kwa sababu dawa na saa za kula hubadilika zote mbili, na kwa baadhi ya wagonjwa kufunga ni hatari. Kwa anayeruhusiwa kufunga, futari ndiyo mtihani. Tende moja na maji, supu, kisha kituo cha swala kabla ya chakula kikubwa, humpa mwili nafasi ya kutambua kwamba umeshiba. Meza iliyojaa viazi karai, muhogo wa nazi, kaimati na uji wa sukari ni wanga nne zenye majina tofauti. Kuchagua kimoja kati ya vinne ni sheria rahisi kukumbuka hata njaa ikiwa kali.

Msimu wa maembe nao una yake. Embe la wastani lina karibu gramu 30 za wanga, na chini ya mwembe hakuna anayekula moja. Nusu embe baada ya chakula, likikatwa sahanini, ni tofauti na mawili yanayoliwa kwa kusimama.

Na siku itafika mtu atateleza. Atakula chapati nne kwa shemeji yake na soda juu yake. Utafiti ule wa London uligundua kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia kwa kiasi kikubwa. Waliorudi siku iliyofuata waliendelea karibu kama kwamba hakuna kilichotokea. Kinachoharibu ni ile kauli ya "nimeshaharibu, nitaanza Jumatatu". Kutoka Alhamisi hadi Jumatatu kuna milo kumi na miwili. Anayerudi kwenye mlo unaofuata, siku hiyohiyo, amepoteza mmoja. Na asijiadhibu kwa kushinda njaa kesho yake, hasa akiwa anatumia dawa za kushusha sukari.

Kuona matokeo kwa macho hulinda ari kuliko maneno ya kutia moyo. Mzani peke yake ni shahidi mbaya, kama ilivyoelezwa. Kamba ya kushonea iliyofungwa kiunoni usawa wa kitovu na kukatwa siku ya kwanza, kisha kupimwa tena kila mwezi, humwonyesha mtu alipofika hata mzani ukiwa umesimama. Kipimo cha sukari ni bora zaidi. Asubuhi kabla ya kula, kuanzia milimoli 7 kwa lita ni kiwango cha kisukari, na kila mgonjwa anafaa kujua lengo lake mwenyewe kutoka kwa mhudumu wake. Wenye mashine nyumbani wanaweza kupima saa mbili baada ya mlo siku wanayokula sima ya kawaida, na kupima tena siku wanayokula donge la ngumi moja. Namba hizo mbili zikiandikwa pembeni mwa kalenda ya ukutani, hakuna hotuba itakayozishinda.

Asiye na mashine hajaachwa. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii nchini walipewa mikoba yenye vifaa vya kazi, ikiwemo mashine ya kupima sukari na ya kupima shinikizo la damu. Mhamasishaji wa kijiji anaweza kupima na kumwelekeza mtu kituoni. Kuna pia kipimo cha damu kiitwacho HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari. Hicho hakidanganywi na mtu aliyejinyima siku mbili kabla ya kliniki, jambo ambalo wahudumu wanalijua vizuri kuliko wagonjwa wanavyodhani.

Kupunguza wanga hakumfai kila mtu. Mama mjamzito au anayenyonyesha, mtoto, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mwenye ugonjwa wa figo na mtu aliyekonda sana hawafai kuanza bila uangalizi wa mtaalamu. Vivyo hivyo kwa anayetumia dawa mpya zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, kama empagliflozin na dapagliflozin, ambazo zikichanganywa na chakula chenye wanga kidogo mno zinaweza kuleta asidi hatari katika damu. Na wauzaji wa unga wa majani unaodaiwa kuponya kisukari kwa siku 21 waepukwe, hasa wanapomwambia mgonjwa aache dawa za hospitali.

Anayetaka kuanza aende zahanati au kituo cha afya kilicho karibu akiwa na kitabu chake cha kliniki, dawa zote anazotumia zikiwa katika pakiti zake, na orodha ya alichokula siku tatu zilizopita, pamoja na idadi ya vijiko vya sukari kwa kila kikombe. Orodha iandikwe kwa ukweli, hata kama ina soda na kaimati, kwa maana mhudumu atapima dawa kwa kuitazama. Ni vyema mpishi wa nyumba afuatane naye. Wanaotumia insulini au glibenclamide wasisubiri tarehe ya miadi yao. Wafike mapema, kabla ya kubadilisha kiasi cha sima sahanini.